Kuhamishia ua la ndani kwenye chungu kipya: mwongozo wa anayeanza, kwa mazingira ya Dar

Maswali ni yale yale. Chungu cha ukubwa gani? Udongo gani? Nimehamisha ua langu Jumamosi, leo majani yamelala, ndiyo limekufa? Nimekuwa nikiyajibu vipande vipande, basi leo nayaweka yote pamoja, kwa mtu ambaye hajawahi kuhamisha ua hata moja na anaishi Dar es Salaam, kwenye joto letu, maji yetu ya kisima na udongo wetu wa kununua kwa kiroba.

Jambo moja ulishike kabla hujagusa chochote. Maua mengi ya ndani hayafi kwa kiu, yanakufa kwa maji. Mizizi inahitaji hewa, na udongo uliolowa muda wote hauna nafasi ya hewa. Mizizi inakosa pumzi, inaoza, halafu majani yananyauka huku udongo bado umelowa. Mwenye ua akiona limenyauka anaongeza maji, na hapo ndipo analimaliza. Karibu kila onyo utakalokutana nalo hapa chini linatokana na hilo.

Ua lako linahitaji kuhamishwa kweli?

Ua ulilolinunua jana barabarani liache kwanza. Limetoka kwenye kivuli cha mwuzaji, limepanda bajaji, limefika kwenye sebule yenye feni na mwanga tofauti. Lipe wiki moja au mbili lizoee. Baada ya hapo angalia dalili hizi:

- Mizizi inatokeza kwenye matundu ya chini, au imetoboa kiriba (ule mfuko wa plastiki wa miche) na kutoka pembeni.
- Ukimwagilia, maji yanapita moja kwa moja bila udongo kulowa, kwa sababu ndani kumebaki mizizi mitupu.
- Ulimwagilia vizuri asubuhi, kesho yake ua limeshanyauka, na halipigwi na jua kali.
- Chungu cha plastiki kimevimba au kimepasuka. Sansevieria (lile la majani marefu magumu yaliyosimama wima) na ZZ (Zamioculcas, lile la matawi manene na majani ya kijani yanayong'aa) hufanya hivyo sana.
- Udongo umeganda, ukiugonga kwa kucha unalia.

Kama hakuna hata moja, ua lako halina shida. Mimea mingi ya ndani hukaa mwaka mmoja hadi miwili kwenye chungu kimoja bila tatizo, na ZZ hata zaidi. Hamu ya kulibadilishia chungu kwa sababu umeona kizuri dukani ni jambo lingine. Kwa hilo nunua chungu cha urembo kisicho na matundu, utumbukize ndani yake chungu chake cha zamani. Yameisha.

Wakati gani?

Dar hakuna baridi ya kusimamisha mimea, kwa hiyo unaweza kuhamisha mwezi wowote. Hata hivyo vuli na masika ni bora, hewa ina unyevu na ua linarudi haraka. Januari na Februari ukilazimika, fanya jioni, jua likishashuka. Kitu ambacho wengi hawakifikirii: udongo ununue kabla mvua hazijaanza. Masika yakishaingia, ule unaorundikwa wazi pembeni ya barabara utauziwa ukiwa tope, na tope halichanganyiki.

Vitu vya kuandaa

- Chungu chenye tundu au matundu chini
- Udongo, mchanga mkubwa, samadi iliyoiva
- Kipande cha wavu wa dirishani, au kigae cha chungu kilichovunjika
- Wembe au mkasi mkali, na spiriti kidogo ya kuufuta
- Ndoo mbili, beseni, na kopo la kupimia
- Kijiko kikubwa au mwiko wa zamani
- Kijiti chembamba, hata cha mshikaki kinafaa
- Magazeti ya zamani, au kiroba kilichopasuliwa, cha kutandika chini
- Glavu kama unazo

Kuhusu glavu: Dieffenbachia (lile la majani mapana yenye mabaka meupe), pothosi (lile linalotambaa, majani ya umbo la moyo) na ZZ yana utomvu unaowasha ngozi, na ukiingia mdomoni unachoma vibaya. Jamii ya mnyaa ina utomvu mweupe ambao ukigusa jicho ni wa kukimbizana hospitali. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au paka anayetafuna kila kitu, fanyia kazi hii nje na usafishe vizuri ukimaliza.

Chungu: hapa ndipo wengi wanapopotea

Fika kwa wauza maua wowote, iwe Mwenge, iwe kando ya Barabara ya Bagamoyo, uliza chungu cha ua dogo. Utasikia: "Dada, chukua hili kubwa kabisa, hutahangaika tena kubadilisha." Anayekuuzia hana nia mbaya, na hesabu yake inaingia akilini. Ila mizizi midogo ndani ya udongo mwingi haiwezi kunywa maji yote unayomwaga. Udongo wa pembeni na wa chini, ambao mizizi haijaufikia, unabaki umelowa siku nyingi, na uozo unaanzia huko. Mjibu tu: "Asante kaka, nipe kile kidogo."

Kipimo ni hiki: chungu kipya kiwe kipana kuliko cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5, basi. Ukisimamisha ua katikati, nafasi ya kila upande iwe ya kidole kimoja, au viwili kwa ua linalokua haraka kama pothosi. Kama ua liko kwenye kiriba, pima upana wa kiriba chenyewe. Usihesabu jinsi majani yalivyotanda.

Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau linalouzwa dunia nzima, asili yake ni hapa kwetu, milima ya Usambara. Lilianza kupata umaarufu Ulaya baada ya mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa Kijerumani Tanga, alipolipeleka Ujerumani. Huko milimani linaota kivulini kwenye nyufa za miamba, penye udongo kiganja kimoja tu, na mizizi yake haiendi chini. Lipe chungu kifupi na kidogo. Ukilipa kikubwa umelizika.

Aina za vyungu:

*Cha udongo wa kuchoma.* Kinapumua, maji yanakauka haraka. Kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia, hiki ndicho ninachompa. Kiloweke kwenye maji kama saa moja kabla ya kupanda, la sivyo kitanyonya maji ya ua lako siku ya kwanza.

*Cha plastiki.* Chepesi, rahisi, kinatunza maji. Kinamfaa anayesahau kumwagilia au anayesafiri sana. Angalia matundu, vingi vinauzwa vimewekewa alama tu za matundu chini na hazijatobolewa. Pasha msumari kwenye moto, toboa mwenyewe.

*Cha saruji.* Vile vinavyofyatuliwa na mafundi pembeni ya barabara. Vinapendeza na havianguki kwa upepo, lakini kikiwa kipya saruji yake inatoa chokaa inayoharibu udongo. Kijaze maji, kiache siku mbili, mwaga, rudia mara kadhaa kwa wiki moja hadi mbili. Usikinunue asubuhi ukapanda jioni.

*Ndoo ya rangi au kopo la mafuta ya kula.* Hakuna ubaya wowote, osha vizuri, toboa matundu manne au matano chini.

Udongo

Usichote udongo wa uani ukapanda nao ua la ndani. Sehemu kubwa ya Dar ni mchanga mtupu usioshika maji wala chakula, na penye udongo mwekundu mzito, ukiuweka peke yake kwenye chungu unakauka na kuwa kama tofali. Mchanga wa baharini usiuguse kabisa, una chumvi, na kuuosha mara moja hakuitoi yote.

Mchanganyiko wa kuanzia, kwa kopo lolote ulilonalo:

- Makopo 2 ya udongo mweusi wa bustani
- Kopo 1 la mchanga mkubwa wa mto
- Kopo 1 la samadi iliyoiva

Kwa mshubiri, Sansevieria na mimea mingine yenye majani manene, badilisha: udongo kopo 1, mchanga makopo 2, samadi nusu kopo. Kwa ZZ fuata huu wa pili pia. ZZ lina viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji, ndiyo maana linavumilia kusahauliwa na halivumilii kupendwa sana. Nalo ni la kwetu, linaota lenyewe ukanda huu wa Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, ingawa ukilikuta dukani bei yake itakufanya udhani limekuja na ndege.

Mchanga uoshe. Weka kwenye ndoo, jaza maji, koroga kwa mkono, mwaga yale ya juu yenye tope, rudia mpaka maji yatoke safi. Vumbi laini ukiliacha ndilo litakaloziba nafasi za hewa ulizokuwa unazitafuta.

Samadi ndiyo yenye hatari. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe. Iliyoiva haina harufu ya zizi, haina joto ukiingiza mkono katikati ya kiroba, ni nyeusi na inavunjikavunjika, na huwezi tena kutambua ilikuwa nini. Kama bado inanuka au ina vuguvugu, ilowanishe kidogo, ifunike kwenye kiroba, iweke kivulini miezi miwili au mitatu. Huna subira? Nunua mboji, au panda bila samadi kabisa. Ua halifi kwa kukosa samadi mwezi mmoja.

Makumbi ya nazi yanafaa sana kulegeza udongo, na Dar hayakosekani. Yachambue upate nyuzi na chenga zake, yakatekate, yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku mpaka yaache kutoka ya kahawia. Weka kopo moja badala ya nusu ya udongo. Maganda ya mpunga nayo yanafaa, hasa yaliyochomwa yakawa meusi.

Ukishachanganya, anika kwenye turubai juani siku mbili tatu. Mayai ya wadudu na vijiminyoo vingi vitakauka. Halafu nyunyiza maji kidogo na ufanye jaribio la kiganja: chukua konzi moja, fumba mkono, bana, fumbua. Ukimwagika wenyewe vidoleni, ni mkavu mno au una mchanga mwingi. Ukibaki donge, uguse donge hilo kwa kidole cha mkono wa pili. Likivunjika vipande, uko sawa. Likibonyea na kubaki na alama ya kidole, udongo ni mzito: ongeza mchanga, rudia. Jaribio hili lina maana kuliko vipimo vyote vya makopo nilivyoandika hapo juu, kwa sababu udongo mweusi wa mwuzaji huyu si wa yule.

Hatua kwa hatua

1. Mwagilia ua siku moja kabla. Udongo wenye unyevu unatoka pamoja na mizizi. Mkavu unabomoka na kukata mizizi, uliolowa chapachapa unaporomoka wote.

2. Tandika magazeti, weka kila kitu karibu. Ukishalitoa ua mizizi iko hewani, usianze kutafuta mkasi. Fanyia kazi kivulini.

3. Funika tundu la chini kwa kipande cha wavu au kigae. Kazi yake ni kuzuia udongo usitoke. Maji yapite.

   *Onyo:* Usiweke kokoto chini. Najua kila mtu anaweka, na fundi wa bustani atakuambia uweke "ili maji yachuje". Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanasimama juu yake mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo umelisogeza tabaka la tope juu, karibu na mizizi, na umepunguza nafasi ya udongo. Maji yanachujwa na udongo mzuri na tundu lililo wazi. Kokoto zako ziweke juu kwa urembo ukipenda.

4. Weka udongo wa chini na upime kimo. Simamisha ua likiwa bado kwenye chungu chake ndani ya kile kipya, uangalie. Usawa wa udongo wake uwe sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa chungu kipya. Ukikosa nafasi hiyo, kila ukimwagilia maji yatamwagikia sakafuni na mama mwenye nyumba atakuwa na neno.

5. Litoe ua. Kiriba usikivute, kichane kwa wembe kutoka juu hadi chini pande mbili, ukivue. Chungu cha plastiki kibonyebonye pembeni, kilaze, shika shina karibu na udongo kwa vidole, gonga kitako, liteleze lenyewe. Chungu cha udongo pitisha kisu kirefu kuzunguka ukingo wa ndani. Likigoma, angalia matundu ya chini, huenda kuna mzizi uliotokeza umenasa.

   *Onyo:* Usilinyanyue ua kwa kuvuta majani au shina. Pothosi litakatika, na ZZ utabaki na tawi mkononi bila kiazi.

6. Kagua mizizi. Hapa tulia, ndiyo mara pekee utakayoona afya ya ua lako ilivyo. Mizizi mizima ni myeupe, ya krimu au ya kahawia hafifu, na ni migumu ukiiminya. Iliyooza ni myeusi, laini, ngozi yake inavuka ukiivuta ikabaki kamba nyembamba katikati, na inanuka. Yote iliyooza ikate, ukifuta mkasi kwa spiriti kabla na baada. Kwenye viriba mara nyingi utakuta katikati kuna bonge la udongo mwekundu mgumu lililobaki tangu mche ukiwa kitaluni, na mizizi imelizunguka bila kuingia. Bonge hilo libomoe taratibu ndani ya beseni la maji. Ukiliacha, litabaki kavu hata udongo unaolizunguka ukiwa umelowa.

7. Legeza mizizi iliyojizungusha. Kama imejiviringisha duara kitakoni, ifungue kwa vidole. Ikiwa imeshikana sana, chana mistari mitatu au minne mifupi kwa wembe ubavuni mwa bonge. Itaota upya ikielekea nje. Lakini usioshe udongo wote mpaka mizizi ibaki mitupu kama haina ugonjwa. Kila nywele ya mzizi unayoikata ni mdomo umeupunguza.

8. Simamisha, jaza pembeni. Ua liwe katikati na wima. Ligeuzegeuze uliangalie pande zote. Shina lizikwe kimo kile kile lilichokuwa, lisizidi. Ukilizika zaidi ili lisimame imara, shina litaoza. Kama linayumba, lichomekee kijiti ulifunge kwa kamba laini. Jaza udongo kidogo kidogo, ukiuchokoa kwa kijiti cha mshikaki ili uingie kwenye mapengo.

9. Gonga chungu chini mara mbili tatu, bonyeza juu kwa vidole kidogo tu. Ukishindilia kwa ngumi umeitoa hewa yote uliyoihangaikia.

10. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, acha yachuruzike, rudia mara moja. Udongo utashuka kidogo, ongeza pale palipobonyea. Mshubiri na wenzake wa majani manene, kama ulikata mizizi, wasubirishe siku tatu hadi saba majeraha yakauke ndipo uwape maji.

Mwezi wa kwanza

Liweke penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja, wiki mbili hivi. Barazani penye kivuli panafaa, dirisha linalopigwa na jua la alasiri halifai. Lisikae mbele ya kiyoyozi wala chini ya feni inayozunguka usiku kucha. Majani mawili matatu ya chini yakigeuka njano wiki ya kwanza, yaondoe na uendelee na shughuli zako.

Mbolea usiweke kabla ya wiki nne hadi sita, hasa kama mchanganyiko una samadi. Mizizi yenye vidonda haihitaji chumvi za mbolea.

Kumwagilia hakuna ratiba. Mtu akikwambia "mara mbili kwa wiki", muulize ua gani, chungu gani, mwezi gani. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na ubaridi na udongo umeng'ang'ania kidoleni, ondoka. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka yatoke chini. Sansevieria, mshubiri na ZZ subiri mpaka chungu chote kikauke.

Sahani ya chini imwage kila baada ya kumwagilia. Sababu ya kwanza ni mizizi. Ya pili ni mbu: Aedes, anayeeneza homa ya dengue, anataga kwenye maji kidogo kama hayo ndani ya nyumba, na Dar tumeshaona milipuko ya dengue, ikiwemo ya 2014 na 2019. Sahani yenye maji nyuma ya kochi ni kitalu cha mbu.

Maji yenyewe: visima vingi vya Dar vina chumvi. Kama chai ikipikwa kwa maji hayo unaisikia, na ua linaisikia. Tumia maji ya bomba au kinga ya mvua, masika yanakupa ya bure. Ukiwa huna ila ya kisima, mwagilia kwa wingi yatoke chini kila mara, ili chumvi isijikusanye.

Mambo yakienda kombo

*Majani yamelala siku ya pili au ya tatu.* Mshtuko wa kawaida. Gusa udongo kwanza. Kama una unyevu, usiongeze maji, lisogeze kwenye kivuli zaidi na usubiri. Likiwa halijainuka baada ya wiki mbili na udongo haujakauka, litoe ukague mizizi upya kama hatua ya 6.

*Majani mengi yanageuka njano kuanzia chini, udongo umelowa.* Maji yamezidi au tundu limeziba. Inua chungu, chomeka kijiti kwenye tundu kutoka chini. Kama chungu ni kikubwa mno, rudi kwenye kidogo. Usione aibu.

*Ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia.* Chumvi ya maji, mbolea iliyozidi, au upepo wa kiyoyozi. Ukiona na ukoko mweupe juu ya udongo au nje ya chungu cha udongo, ni chumvi. Kwangua sentimita moja ya juu, weka udongo mpya, halafu pitisha maji safi mengi kwenye chungu, yatoke chini kwa muda.

*Maji yanapita pembeni, katikati kukavu.* Udongo ulikauka kupita kiasi ukajitenga na chungu. Tumbukiza chungu kwenye beseni la maji dakika 20 hadi 30, kitoe kichuruzike, kisha jaza nyufa za pembeni.

*Maji yanasimama juu hayashuki.* Udongo ni mzito au ulishindilia. Kuchokoachokoa kwa kijiti ni nafuu ya siku chache tu. Changanya upya wenye mchanga zaidi, hamisha tena.

*Vijiinzi vyeusi vidogo vinaruka ukigusa udongo.* Vinazaliana kwenye udongo wenye unyevu juu. Acha sentimita 2 hadi 3 za juu zikauke kabla ya kila kumwagilia, tandaza mchanga mkavu juu. Vitapungua ndani ya wiki chache.

*Vitu vyeupe vya pambapamba kwenye makwapa ya majani.* Ni vidung'ata. Litenge ua na mengine leo leo. Wafute kwa pamba yenye spiriti, halafu nyunyiza maji yenye sabuni kidogo ya maji (kijiko kimoja cha chai kwa lita moja), chini ya majani pia, jioni. Rudia kila wiki mpaka wasionekane. Sisimizi wakiwa wanapanda na kushuka kwenye ua, watafute vidung'ata. Sisimizi wanafuata utamu wao na kuwalinda.

*Jongoo au nyungunyungu wametoka kwenye chungu.* Walikuja na samadi au udongo. Watoe, waweke bustanini. Hawali ua lako.

*Sijui kama limekufa.* Kwaruza shina kwa kucha. Kijani chini ya ganda maana yake bado liko. Likiwa kahawia na kavu, shuka chini zaidi ukwaruze tena. Pothosi hata mizizi yote ikioza unaweza kuliokoa: kata vipande vya shina vyenye jani na fundo moja au mawili, vitumbukize kwenye chupa ya maji, fundo liwe ndani na jani nje, badilisha maji kila baada ya siku tatu nne. Mizizi ikifika sentimita 5 panda kwenye kikopo kidogo. Udongo wa lile lililooza usiuwekee ua jingine, umwage chini ya mti, na chungu ukioshe kwa sabuni na jiki kidogo kabla hujakitumia tena.